Gari la misuli la kuendesha kila siku: ubadilishe nini kwenye injini, na kipi kitangulie

Wapenzi wa magari ya misuli wanaijua ile sauti. V8, injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, inanguruma gari likiwa limesimama, hakuna aliyekanyaga mafuta, nayo inadunda kwa kusitasita huku bodi zima likitikisika. Ni sauti tamu mno. Ndiyo pia iliyowaingiza wengi hasarani. Mtu akiitaka, hununua kamshafti, mtaimbo unaofungua valvu za injini, kubwa kuliko zote alizoonyeshwa, akaifunga kwenye injini ambayo kila kitu kingine ni cha kiwandani. Baada ya wiki moja anagundua gari limekuwa zito kuondoka, kanyagio la breki limekuwa gumu, mafuta yanakwisha upesi, na gari dogo la familia linamwacha kwenye taa za barabarani.

Kamshafti ile haikuwa na kasoro yoyote. Ilitengenezwa kwa ajili ya injini nyingine, kwenye gari jingine, linaloendeshwa na mtu mwingine. Makala hii inahusu jambo hilo: vipuri vya injini huchaguliwa kwa kuelewana, na kinachovielewanisha ni mizunguko ya injini unayoitumia kweli ukiwa barabarani. Ukishaijua mizunguko yako, maswali mengi yanayoonekana magumu yanajijibu.

Nikisema gari la misuli nina maana ya yale ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970: umbo la wastani, milango miwili, V8 kubwa mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Pontiac GTO ya 1964, yenye injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, ndiyo wengi wanayoihesabu kuwa iliweka kigezo. Ili tusizungumze hewani, nitalishika gari moja la mfano hadi mwisho: Chevrolet Chevelle ya 1970 yenye injini ya inchi 350, lita 5.7, na giaboksi otomatiki ya gia tatu. Ni gari la zaidi ya tani moja na nusu. Mwenyewe analiendesha kazini, na siku za mapumziko analipeleka safari ndefu.

Tarakimu za kwenye makaratasi

Kabla ya kuamua unataka hospawa ngapi, ujue zile za kitabuni zilipimwaje. Hadi 1971 makampuni ya Marekani yalitangaza nguvu ghafi. Injini ilifungwa kwenye stendi ya majaribio bila mafla za gari, bila chujio la hewa, bila vitu vya kuilemea kama feni na altaneta, na taimingi, yaani wakati wa kuwasha moto wa plagi, ikiwekwa pale inapotoa nguvu nyingi zaidi. Kuanzia magari ya 1972 yakahamia nguvu halisi, inayopimwa injini ikiwa imevaa kila inachovaa ndani ya gari. Injini ya LT-1 ya Corvette inaionyesha tofauti hiyo waziwazi, kwa kuwa mwaka 1971 ilitajwa kwa hesabu zote mbili: hospawa 330 ghafi, 275 halisi. Injini ni ileile. Kwa hiyo mtu akikwambia gari lake la 1969 lilitoka kiwandani na hospawa 350, usiliweke kwenye mzani mmoja na gari la leo lenye tarakimu hiyohiyo.

Hata hospawa halisi haitoshi kukwambia gari litakuwaje mguuni. Injini huzalisha torki, yaani nguvu ya kusokota. Hospawa ni torki hiyo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko: chukua torki kwa nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 7,121.

Tuseme una injini mbili. Ya kwanza inatoa nyutoni-mita 540 kwenye mizunguko 3,000, kisha inashuka hadi 430 ikifika 5,500. Ya pili inatoa 420 tu kwenye 3,000, lakini ikifika 6,000 inatoa 470. Ukipiga hesabu, ya kwanza kilele chake ni hospawa 332, ya pili 396. Muuzaji atakutajia hiyo 396, na wengi watainunua. Lakini kwenye mizunguko 3,000, pale unapotaka kulipita lori, ya kwanza ina hospawa 227 na ya pili 177. Hizo 50 ndizo unazozihisi mgongoni kila siku. Zile 396 utakutana nazo mara chache, kwa sekunde chache, kabla ya kuachia mafuta kwa sababu mbele kuna gari.

Keti kwenye gari lako wiki nzima na utazame geji ya mizunguko. Gari kama Chevelle yetu hutumia sehemu kubwa ya maisha yake kati ya 1,500 na 3,500. Ukilikanyaga kwa furaha litafika 5,000, pengine 5,500. Hapo ndipo pa kujengea.

Kwanza, injini ni nzima?

Hakuna anayefurahia sehemu hii, kwa hiyo wengi huiruka. Injini ya zaidi ya nusu karne huwa imepoteza nguvu nyingi kwa uchakavu, na kuzirudisha zile za kiwandani ni nafuu kuliko kununua mpya. Pima kompresheni, yaani jinsi pistoni inavyoibana hewa, ya silinda zote nane. Iliyo chini kabisa isipungue asilimia 75 ya iliyo juu kabisa. Ikipungua, ringi au valvu zimechoka, na kipuri chochote utakachofunga juu ya injini hiyo ni pesa ya kutupa.

Kisha kuna mnyororo wa taimingi, unaoizungusha kamshafti kutoka krenkishafti, mtaimbo unaozungushwa na pistoni. Kwenye V8 nyingi za Chevrolet za enzi hiyo, gia ya kamshafti ilivishwa meno ya nailoni ili isipige kelele. Nailoni hiyo huzeeka, hupasuka, mnyororo unalegea, na kamshafti inaanza kuchelewa nyuma ya krenkishafti. Gari linakuwa zembe chini na mwenyewe anadhani linahitaji kabureta kubwa. Mnyororo mpya na gia za chuma humaliza tatizo.

Na alama ya taimingi yenyewe inaweza kukudanganya. Puli nzito iliyo mbele ya krenkishafti, ile ya kutuliza mitikisiko, ina pete ya nje iliyogandishwa kwa mpira. Mpira ukichoka, pete inateleza, na alama ya sifuri inahama. Fundi anaweka taimingi kwa uangalifu wote kumbe alama imepotoka digrii kumi. Hakikisha sifuri ni sifuri kwa kizuizi cha pistoni kinachofungwa kwenye tundu la plagi, ndipo uendelee.

Taimingi ndiyo nguvu ya bei rahisi kuliko zote, na sijui kwa nini inapuuzwa hivi. Mchanganyiko wa hewa na petroli hauungui papo hapo. Moto huwashwa pistoni ikiwa bado inapanda, ili shinikizo lifike kileleni mara tu pistoni inapoanza kushuka. Injini ya Chevrolet ya inchi 350 yenye hedi za zamani, yaani vifuniko vya juu ya silinda vyenye valvu, kwa kawaida hupenda jumla ya digrii 34 hadi 36 za krenkishafti kabla ya pistoni kufika kileleni, pasipo kuhesabu zile zinazoongezwa na vakyumu, ule mvuto wa injini inapofyonza hewa. Hedi za kisasa, zenye chemba inayochoma haraka, hutosheka na 30 hadi 32. Kiwandani, springi za ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, ziliwekwa ngumu ili jumla hiyo ichelewe kufika, kwa tahadhari ya petroli mbaya. Ukiweka springi laini kidogo, digrii zote zifike injini inapokaribia mizunguko 3,000, gari linachangamka bila kipuri hata kimoja kikubwa.

Na usiikate hozi ya vakyumu ya distribyuta kwa kuwa uliona gari la mashindano halina. Gari la mashindano halisafiri kwa mwendo wa taratibu. Ukiwa safarini, mafuta umeyakanyaga kidogo tu, mchanganyiko ndani ya silinda ni mchache na unaungua polepole, kwa hiyo unahitaji kuwashwa mapema zaidi. Vakyumu huongeza digrii 10 hadi 15 wakati huo, na hukaa pembeni ukikanyaga hadi chini. Ukiiondoa, utalipa kwa petroli na kwa injini inayochemka.

Difu kabla ya hedi

Chevelle nyingi za kawaida zilitoka na difu, gia za ekseli ya nyuma, ya uwiano mdogo, 2.73 kwa mfano, ili injini itulie barabara kuu. Gia ya kwanza ya giaboksi ya Turbo-Hydramatic 350 ni 2.52. Zidisha, unapata 6.9: torki ya injini inafika magurudumuni ikiwa imezidishwa karibu mara saba. Weka difu ya 3.73 na kuzidishwa huko kunafika 9.4. Ni ongezeko la karibu asilimia 37 la msukumo katika kila gia, na injini hujaigusa. Hakuna kabureta wala kamshafti itakayokupa kiasi hicho kwa bei hiyo.

Kuna gharama, na ni haki kuieleza. Kwa tairi la kipenyo cha inchi 26, ukienda kilomita 100 kwa saa na difu ya 2.73, injini inazunguka karibu mara 2,200 kwa dakika. Kwa 3.73 inafika 3,000. Saa nne za safari kwa mizunguko 3,000 zinachosha masikio na mfuko. Ndiyo maana giaboksi yenye gia ya nne ya kupumzisha injini ni moja ya maboresho ninayoyapenda kuliko yote. 700-R4 ya General Motors ina gia ya kwanza ya 3.06 na ya nne ya 0.70. Kwa difu ileile ya 3.73, kilomita 100 kwa saa zinakuwa mizunguko 2,100, chini kuliko ilivyokuwa na difu ya kiwandani, na kuondoka ni kwa nguvu zaidi. Si kipuri cha injini, najua. Lakini hutaweza kuichagua kamshafti vizuri kabla ya kujua difu na giaboksi vitaidai izunguke kiasi gani.

Kwenye otomatiki kuna pia konvata, inayopokea nguvu ya injini kwa njia ya mafuta. Ya kiwandani huanza kushika injini ikiwa chini, mizunguko 1,500 hadi 1,800 hivi. Injini yenye kamshafti inayoamka kwenye 2,500 ikifungwa na konvata hiyo, kila kuondoka kunakuwa kama kumwamsha mtu usingizini. Konvata inayoshika juu zaidi huiacha injini ipande kwanza. Huzalisha joto pia, kwa hiyo giaboksi ipewe kipozea mafuta chake.

Hewa kuingia, moshi kutoka

Injini ni pampu ya hewa. Petroli inaweza kuongezwa wakati wowote. Kazi ni kupata hewa ya kuichoma. Upande wa moshi ndio rahisi kuanzia. Manifodi za moshi, zinazoukusanya kutoka silinda, za chuma cha kusubu za miaka ile ni nzito na njia zake zinakutana vibaya. Heda za mirija mirefu huutoa moshi wa kila silinda kwa njia yake, na mshindo wa moshi ukipita mrijani huacha nyuma yake shinikizo dogo linalosaidia kuuvuta wa silinda inayofuata. Kwa 350 ya barabarani, mirija ya inchi 1⅝ inatosha, ikifuatiwa na bomba mbili za inchi 2½ zilizounganishwa katikati. Mirija minene zaidi hupunguza kasi ya moshi na kuondoa faida hiyo chini. Usumbufu wa heda ni joto, gasketi zinazolegea na waya za plagi zinazoungua, kwa hiyo mtu asiyependa kukaza boli mara kwa mara anaweza kubaki na manifodi nzuri za chuma na bado akafurahi.

Kwenye kabureta ndiko watu hukosea zaidi. Kubwa inaonekana bora. Hebu tupige hesabu. Injini ya mipigo minne huvuta nusu ya ujazo wake kwa kila mzunguko. Inchi za ujazo 350 kwenye mizunguko 5,500, ikiwa silinda zinajaa asilimia mia, ni futi za ujazo 557 za hewa kwa dakika. Injini ya barabarani haijai hivyo. Ukichukua asilimia 85, unabaki na 473. Kabureta ya futi za ujazo 600 inatosha na kubaki. Bado utaona watu wakifunga ya 750 au 850 juu ya injini kama hii. Kabureta hutegemea kasi ya hewa ipitayo kooni mwake ili kuvuta petroli na kuisambaza kama ukungu. Koo likiwa pana mno, hewa inapita kivivu, petroli inaingia kama matone, na gari linajikwaa kila ukikanyaga. Chagua ya mikoo minne ambayo miwili ya nyuma hufunguliwa na vakyumu. Hiyo hujipima yenyewe, haifunguki hadi injini iwe na haja nayo.

Manifodi ya kuvutia hewa hufuata mantiki hiyohiyo. Ile iliyogawanywa sakafu mbili, kila nusu ya kabureta ikihudumia silinda nne kwa njia ndefu, hutoa torki nyingi chini na hufanya kazi vizuri hadi 5,500 na zaidi. Ile ya chumba kimoja cha wazi inang'ara juu ya hapo. Inapendeza kuitazama, lakini kwa Chevelle yetu haina kazi.

Siku hizi kuna pia mifumo ya kunyunyizia petroli kwa kompyuta inayokaa mahali pa kabureta. Haikupi hospawa nyingi zaidi ya kabureta iliyorekebishwa vizuri. Inachokupa ni gari linalowaka asubuhi ya baridi, na linalojirekebisha lenyewe ukipanda milimani.

Hedi na kompresheni

Kama una pesa ya kitu kimoja kikubwa tu, inunulie hedi. Hedi za zamani za kawaida ndizo zinazoibana injini hii kuliko kitu kingine. Njia zake ni nyembamba, zina kona kali, na chemba zake hazisaidii moto kusambaa. Wahandisi wa General Motors walilionyesha hilo wenyewe mwaka 1996 walipotoa hedi za Vortec za chuma cha kusubu kwa ajili ya magari ya kazi ya lita 5.7. Kwa mtiririko wa hewa zinazizidi nyingi zilizokuwa kwenye magari ya misuli. Ukizitaka, kumbuka boli zake za manifodi ni nane na zimekaa tofauti, kwa hiyo manifodi ya zamani haikai, na valvu zake hazikubali kuinuliwa sana bila springi na vishikizo kubadilishwa.

Hapa tena, ukubwa ni mtego. Hedi za madukani hutajwa kwa ujazo wa njia ya kuingiza hewa. Kwa 350 ya barabarani, sentimita za ujazo 170 hadi 185 zinatosha. Ukiweka 220, hewa inapoteza kasi kwenye mizunguko ya kawaida na silinda hazijai vizuri, ingawa kwenye mashine ya kupimia mtiririko tarakimu zinavutia.

Hedi hubadilisha kompresheni pia, na hapa tuende polepole. Silinda moja ya 350 humeza sentimita za ujazo 717 hivi. Tuseme hedi ya zamani ina chemba ya sentimita 76, na nafasi ya gasketi, juu ya pistoni na vikato vya valvu inafanya jumla ibaki 96 pistoni ikiwa juu. Jumlisha 717 na 96, gawanya kwa 96: kompresheni ni karibu 8.5 kwa 1. Weka hedi yenye chemba ya 64, jumla inashuka hadi 84, na kompresheni inapanda hadi 9.5. Hatua nzima imepatikana bila kugusa pistoni, na hatua hiyo inasikika katika mizunguko yote, chini na juu, na kwenye matumizi ya petroli pia.

Mwisho wake uko wapi? Unawekwa na petroli unayoweza kuinunua kila siku. Kompresheni ikizidi uwezo wa okteni, kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, injini inagonga, na injini inayogonga ikibanwa hivyo hupasua ringi na kutoboa pistoni. Kwa petroli nzuri ya pampuni, 9.5 kwenye hedi za chuma ni mahali pa salama, na aluminiamu, kwa kuwa hutoa joto haraka, hukubali karibu nusu hatua hadi hatua moja zaidi. Hedi mpya ina faida nyingine isiyosemwa sana: viti vyake vya valvu za moshi vimefanywa vigumu. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1970 yalitegemea risasi iliyokuwa ndani ya petroli kuvilinda viti hivyo, na risasi hiyo haipo tena.

Sasa, kamshafti

Nimeiweka huku nyuma makusudi. Kamshafti huamua valvu zifunguke lini, kwa muda gani, na ziinuke kiasi gani. Muda hupimwa kwa digrii za krenkishafti, na kipimo cha kulinganishia ni kile kinachochukuliwa tapeti, kipande kinachosukumwa na kamshafti ili valvu ifunguke, ikiwa imeinuka inchi 0.050. Muda mwingine unaoandikwa kwenye matangazo hupimwa kila mtengenezaji anavyopenda, kwa hiyo usilinganishe nao.

Ukirefusha muda, valvu ya hewa huchelewa kufunga. Injini ikienda kasi hilo ni jema, kwa sababu hewa ina mwendo wake na huendelea kuingia hata pistoni ikianza kupanda. Injini ikienda polepole hewa haina mwendo huo. Pistoni inaisukuma irudi ilikotoka. Silinda inabaki nusu tupu, na kompresheni uliyoilipia inavuja kabla valvu haijafunga. Hiyo ndiyo sababu kamshafti kubwa kwenye injini ya kompresheni ya 8.5 huifanya iwe dhaifu kuliko ilivyotoka kiwandani. Na ile sauti ya kudunda hutokea pale valvu ya hewa na ya moshi zinapokuwa wazi kwa pamoja: moshi unarudi kwenye manifodi, unachafua hewa mpya, silinda nyingine zinawaka vizuri na nyingine zinakosa. Unachokifurahia masikioni ni injini inayokosa kuwaka.

Vakyumu hupungua kwa sababu hiyohiyo. Injini nzima ya kiwandani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta huvuta inchi 18 hadi 20 za zebaki. Ikishuka chini ya 15 hivi, busta ya breki, inayotumia vakyumu hiyo kuusaidia mguu, inaanza kukosa nguvu. Kwenye gari la tani moja na nusu, hilo halihitaji maelezo.

Kwa 350 yenye konvata na difu za kawaida, muda wa digrii 205 hadi 215 kwenye 0.050 huleta torki nyingi na injini tulivu. Ukiwa na kompresheni ya 9.5, difu ya 3.55 au 3.73 na konvata iliyopandishwa kidogo, 218 hadi 228 inakupa mdundo wa kusikika na nguvu hadi 5,800 hivi. Ukipita 235 umeanza kuliaga gari la kila siku. Injini kubwa zaidi, kama ya inchi 454, huistahimili kamshafti ileile kwa upole zaidi, kwa kuwa kila silinda ina hewa nyingi ya kumeza. Pembe kati ya vilele vya valvu ya hewa na ya moshi nayo ina sauti yake: 106 au 108 hudunda zaidi, 112 hadi 114 hutulia na kulinda vakyumu. Ukiwa katikati ya mbili na huna uhakika, chukua ndogo. Sijamsikia mtu akijutia kamshafti ndogo kwenye gari la barabarani.

Tapeti bapa za zamani zina hatari yake. Oili za kisasa za magari ya kawaida zimepunguzwa zinki na fosforasi ili kulinda vichujio vya moshi, na tapeti bapa huishi kwa zinki hiyo. Tumia oili iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za namna hii. Siku ya kwanza, usiiwashe na kuizima mara kumi ukitafuta kasoro. Hakikisha taimingi na petroli viko tayari, iwashe, ipandishe mara moja hadi 2,000 au 2,500, na uishikilie hapo kwa dakika 20 ukiipandisha na kuishusha kidogo. Ikiachwa ingurume chini, oili hairushwi vya kutosha kwenye kamshafti, na nundu zake zinaweza kusagika siku hiyohiyo. Tapeti za magurudumu huondoa hofu hiyo, ni ghali zaidi, na kama bajeti inaruhusu ningezichukua bila kusita. Na kamshafti yoyote iwe na springi zake, na umbali wa valvu na pistoni upimwe. Milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa moshi ndicho kiwango cha chini kinachotumiwa na wengi.

Ujazo, na hewa ya kulazimishwa

Injini ikifunguliwa kwa ovahoo, fikiria kuiongezea ujazo. Silinda za 350 zikipanuliwa inchi 0.030 na kuwekewa krenkishafti ya mpigo wa inchi 3.75, unapata inchi za ujazo 383. Ni ongezeko la asilimia 9, na linakuja pale pa chini ambapo gari la barabarani linaishi. Kwa kuwa ungelipia pistoni, beringi na kazi ya karakana kwa vyovyote, nyongeza yake ni ndogo.

Supachaja na turbo hubana hewa. Kwa nusu ya baa ya ziada (hewa ya kawaida ina shinikizo la karibu baa moja), silinda ingepokea karibu nusu tena ya hewa yake, ukiacha hasara za joto. Ni njia nzuri kwa anayeijenga injini kwa ajili hiyo: kompresheni ya chini, pistoni za kufuliwa, petroli ya kutosha. Kuiongezea injini ya kompresheni ya 10 yenye pistoni za kusubu ni kuitafutia kifo. Naitrasi oksaidi ina oksijeni asilimia 36 kwa uzito, ilhali hewa ina 23, na huingia ikiwa ya baridi kali. Oksijeni hiyo isipoletewa petroli yake, pistoni huyeyuka kwa sekunde. Kwa gari la kila siku, mimi ningeviacha vyote hivi hadi kila nilichokitaja juu kiwe kimekamilika.

Rejeta, pampu ya petroli na breki za diski mbele vihesabiwe ndani ya bajeti ya injini, tangu siku ya kwanza. Gari lililoongezewa hospawa mia moja juu ya breki za ngoma za 1970 halijakamilika.

Chevelle yetu basi ingekwenda hivi: afya ya injini na taimingi, breki, giaboksi ya gia nne na difu ya 3.73, heda, hedi za chemba ya 64, manifodi ya sakafu mbili na kabureta ya 600. Kamshafti ifungwe pamoja na hedi, maana manifodi imeshatoka na kazi ni moja. Ukiwasiliana na mtengenezaji wake kabla ya kununua, atakuuliza uzito wa gari, difu, urefu wa tairi, konvata, kompresheni, hedi, kama breki zinategemea vakyumu, na mizunguko unayosafiri nayo. Hilo la mwisho mjibu kwa ile uliyoiona kwenye geji wiki nzima, maana ukimtajia 6,500 atakuchongea kamshafti ya 6,500.